Wanawake wa Chombo Hawasalimiani

Shemeji wa marehemu ndiye aliyepewa neno. Alisimama chini ya turubai lililofungwa kati ya ukuta wa nyumba na lori bovu, kule Goma, akavua kofia, akatushukuru tuliotoka mbali na tuliotoka karibu, akamshukuru padri, akawashukuru majirani waliochota maji. Kisha akafika kwa marehemu mwenyewe. Alitueleza kwamba Vestine alikuwa mke wa kaka yake mkubwa, kwamba alimuuguza kaka yake huyo mpaka akamzika, kwamba watoto amewalea katika njia iliyonyooka, na kwamba mgeni hakuwahi kutoka nyumbani kwake bila kula. Akamalizia hivi: "Alikuwa mwanamuke wa maneno kidogo. Miaka yote ile, hatukusikiaka sauti yake inapita ukuta." Watu wakaitikia kwa vichwa. Mama mmoja kando yangu akasema kwa Kinyarwanda kwamba hiyo ndiyo sifa ya mwanamke. Mimi nilikuwa nimeshika glasi ya chai. Niliiweka chini, juu ya yale mawe meusi ya volkano yaliyojaa uani.

Maneno kidogo! Vestine niliyemjua mimi, sauti yake ilipita ukuta, ikavuka barabara, ikaingia soko la Gisenyi, na wauza nyanya wakaacha kubishana na wateja ili wasikie amesema nini. Natoka kwa watu wanaopenda kukuza mambo, lakini hili silikuzi. Nilikuwepo, nimekaa kwenye kreti ya bia kando ya goti lake. Nilitaka kusimama pale chini ya turubai niseme hivyo, lakini mimi si wa ukoo, nilikuwa mgeni kutoka ng'ambo ya mpaka, na msibani mgeni hasahihishi hotuba. Kwa hiyo nitasema hapa.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tulikuwa tumerudi Rwanda kutoka Tanzania, na Kiingereza changu cha sekondari hakikunisaidia chochote katika mji ambao ofisi zake zote ziliandika Kifaransa. Kila nilikopeleka barua ya kuomba kazi niliambiwa nirudi kesho, na kesho ya ofisini haina mwisho. Tena ulikuwa mwaka wa usalama mbovu upande wetu. Watu walilima wakiangalia nyuma, na jua likikaribia ziwa kila mmoja alikuwa anarudi kwake. Kwa hiyo starehe zote za mji, harusi, mpira, hata ulevi, zilibanwa kati ya chakula cha mchana na jioni. Sinema ya Mzee Haruna pia ilifunguliwa baada ya adhuhuri. Mzee Haruna alikuwa Mwislamu mwenye mke Mkatoliki, mtu mpole, mwoga wa maneno ya watu. Jengo lake lilikuwa nyuma ya soko, la miti ya mikaratusi na mabati yaliyotobolewa na misumari ya zamani, hivi kwamba mchana wa jua kali nuru ilishuka kwa vitundu na kutua kwenye vichwa vya watazamaji. Mbele kulikuwa na televisheni juu ya meza, deki imefunikwa kitambaa cha kufumwa utadhani ni mkate, na spika mbili, moja ndani na moja juu ya mlango, inayotazama barabara. Palinuka jasho, mafuta ya jenereta na sambaza wa kukaanga.

Sambaza walikuwa wa Vestine. Wale samaki wadogo wa ziwa letu aliwanunua asubuhi kwa wavuvi, akawakaanga nyumbani, na mchana akakaa mlangoni pa sinema na beseni lake. Alinizidi miaka kama mitano. Alikuwa amezaliwa upande wa Goma na kukulia upande wetu, kama wengi wa mpakani ambao ukiwauliza kwao ni wapi wanakuuliza leo au jana. Mimi nilimwita dada, yeye aliniita mudogo. Kutoka pale mlangoni hakuona picha hata moja, lakini kwa ile spika ya nje alisikia kila kitu.

Alichokisikia kilikuwa ni Bosco. Filamu zilikuwa za Kiingereza na watazamaji walikuwa wa Kinyarwanda na Kiswahili, kwa hiyo kila sinema ilikuwa na mtu wa kueleza. Tulimwita umusobanuzi. Alikaa kando ya televisheni na mikrofoni, akapunguza sauti ya filamu wakati wa mazungumzo na kuiongeza wakati wa ngumi, na yote yaliyosemwa na wote aliyasema yeye. Bosco alikuwa amerudi kutoka Uganda na utani wa Kampala mdomoni. Mapigano aliyaeleza vizuri kuliko yalivyopigwa. Lakini wanawake wote, mzee, kijana, malkia, muuguzi, aliwapa sauti moja ya puani na sentensi moja: mpenzi wangu, usiniache. Ilikuwa inachekesha. Wanaume wa kwenye mabenchi waliingoja kwa hamu.

Kilichojaza mabenchi mwaka ule ni hadithi ndefu ya wasafiri wa anga. Ilikuwa imetengenezwa kwa miaka mingi, na kanda zake zilivuka kutoka Goma katika katoni za sabuni, bila maganda, lebo zimebanduka. Hatukujua ipi ni ya kwanza na ipi ni ya mwisho. Mzee Haruna alikuwa anatia mkono kwenye katoni, akitoa yoyote ndiyo ya leo. Jina lake la kweli halikutushughulisha. Tuliiita Chombo, kwa kuwa yote yalitokea ndani ya chombo kikubwa kilichopita kati ya nyota kikiongozwa na Kapteni mwenye kidevu cha mraba. Mpaka leo nikisikia jina lake halisi nahisi watu wanazungumzia kitu kingine.

Nisimwonee Bosco. Mimi Kiingereza nilikielewa, na ninaweza kushuhudia kwamba walioandika Chombo hawakuwa wamefanya bora kuliko yeye. Mwanamke wa Chombo kazi yake ya kwanza ilikuwa kuuliza swali ili Kapteni apate kueleza. Ya pili ilikuwa kutekwa. Akiwa daktari, mgonjwa wake ni Kapteni. Akiwa adui, atageuka kuwa rafiki mara Kapteni akimshika bega. Na hadithi ikitaka Kapteni akasirike sana, basi mwanamke mmoja atakufa, na kamera itaacha maiti imwendee Kapteni, ituonyeshe jinsi anavyoumia. Hadithi ilikwenda miaka na miaka, wakavumbua mashine za kila aina, wakazungumza na viumbe wenye macho matatu, lakini mwanamke mwenye shughuli yake mwenyewe hakuwapitia akilini. Aliyekuwa afadhali ni rubani, aliyeitwa Teska, mwanamke mrefu mwenye nywele fupi. Huyo alijua kazi. Hata hivyo kila alipofanya la maana aligeuza shingo kumtazama Kapteni, kama mtoto aliyemaliza kufagia.

Vestine alianza kwa kujibu kutoka mlangoni. Bosco akisema kwa sauti ya puani usiniache, kutoka nje inakuja sauti nzito kidogo, tulivu: "Muache aende, dada, chakula iko inaungua." Watu wakacheka kuliko walivyomcheka Bosco. Mara ya pili hivyo, mara ya tatu, mpaka watu wakawa wanageuka kuutazama mlango kila mwanamke alipofungua mdomo. Kisha Bosco akapata homa ya koo. Alikuja sinema ameshikilia shingo, ana sauti ya kutosha Kapteni tu, na Mzee Haruna, ambaye mabenchi yake yalikuwa yameshajaa, akamwita Vestine aache beseni aje awasemee wanawake.

Kiingereza Vestine hakukijua hata cha kuombea maji. Akasema anataka yule musichana wa Tanzania amukalie karibu. Ndivyo nilivyopata kazi, na ndivyo ilivyokuwa mpaka mwisho: Bosco upande wa kulia, Vestine kushoto, mikrofoni ikipita kati yao, na mimi chini kwenye kreti, nimetega sikio kwenye televisheni. Mwanamke akisema, mimi namnong'oneza Vestine. Anasikiliza, anatazama uso wa yule mwanamke kwenye kioo, na anasema analoona linafaa. Siku ya kwanza nilimnong'oneza kwamba daktari anasema tumtii Kapteni. Akautazama ule uso, akasema ndani ya mikrofoni: "Huyu baba hakulalaka. Mutu mwenye hajalala asituamurie." Na kwa kweli, ukimtazama daktari yule vizuri, ndilo alilokuwa nalo usoni. Waliomwandikia maneno ndio hawakuliona.

Siku moja kulikuwa na mahali ambapo wanawake wawili wanapishana kwenye ujia wa chombo. Hawasemi kitu, mmoja anapita kushoto na mwingine kulia. Vestine akaweka mkono juu ya mikrofoni, akaniinamia, akaniuliza kwa mshangao wa kweli: "Mudogo, hawa banamuke hawasalimianaka?" Nilifikiri kanda zote tulizokwisha kuona. Sikukumbuka hata mara moja. Walikuwa wakisema na Kapteni, wakisema juu ya Kapteni, lakini kujuliana hali, hapana. Kwa mtu wa kwetu huo ni uchawi au ni ugomvi. Kuanzia siku hiyo Vestine akawasalimisha. Wapishane wapi, midomo imefumba kama ilivyofumba, yeye anawasalimisha salamu ndefu za sokoni: umeamkaje, watoto iko muzuri, mama yako ile mugongo inaendelea namna gani, bon, nisalimie bale ba kwenu. Bosco akijaribu kuingia na Kapteni anaambiwa angoje, watu wanasalimiana. Wauza nyanya walianza kuja. Walikuja na watoto mgongoni, wakakaa mabenchi ya mbele ambayo zamani yalikuwa ya makuli wa mpakani, wakawa wanaitikia zile salamu, kila mmoja kwa niaba ya mgongo wa mama yake mwenyewe.

Mapema sana mwaka ule, Vestine hajazoea hata mikrofoni, Mzee Haruna alitia mkono kwenye katoni akatoa kanda anayokufa Teska. Chombo kimetoboka. Lazima mtu abaki upande wa pili wa mlango wa chuma, aufunge kwa ndani, ili wengine wapone. Teska anabaki. Kuna kioo kidogo mlangoni, Kapteni ameweka kiganja upande wake, yeye ameweka upande wake, na anasema maneno yake ya mwisho. Nilimnong'oneza Vestine kama yalivyo: mwambieni Kapteni sikuwahi kujuta kumfuata. Nilihisi goti lake limekakamaa kwenye bega langu. Akangoja mpaka midomo ya Teska ikakaribia kufunga, nikadhani ameshindwa, kisha akasema taratibu: "Hii mulango, mi ndo naifunga. Mutu asiseme balinifungia."

Hakuna aliyecheka. Kamera ilimwendea Kapteni kama kawaida, akalia kwa dakika nyingi, na Bosco, mwungwana siku hiyo, hakumwekea neno lolote. Mama mmoja aliyesimama mlangoni alijifuta uso kwa ncha ya kitenge akasema, amekufa vizuri. Nilikuwa nimewaona watu wengi wakilia mbele ya Chombo, lakini siku zote walikuwa wamemlilia Kapteni.

Sasa hapa ndipo lilipotokea kosa ambalo nadhani lisingetokea ila kwetu, kwa watu wanaoletewa hadithi kwenye katoni ya sabuni. Baada ya wiki chache ikatoka kanda nyingine, na ndani yake Teska yumo, mzima, ameketi kwenye kiti chake cha urubani, anakunywa kitu kwenye kikombe. Ukumbi ukavurugika. Watu walisimama, mabenchi yakaanguka, wengine wakadai warudishiwe kiingilio chao kwa kuwa wamedanganywa, wengine wakasema ni mzimu. Bosco alishika mikrofoni kuokoa jahazi. Akawatuliza, akasema jamani huyu si yule, yule alikwisha kufa na tulimzika wote, huyu ni mwingine tu, ni pacha wake, wanafanana. Watu wakaanza kukaa, maana pacha ni jambo linaloeleweka. Ndipo Teska akageuka kumwuliza Kapteni twende upande gani, na Vestine akampokonya Bosco mikrofoni. "Ni mi," alisema. "Mulishanizika. Sasa mutanisikiliza."

Sijapata kusikia makelele kama yale tena, na nimehudhuria fainali za mpira. Tangu siku hiyo Teska hakugeuza tena shingo kumtazama Kapteni; yaani shingo aligeuza, lakini kwa maneno ya Vestine alikuwa anakagua kama Kapteni ameamka. Mimi nilikuwa nimekwisha kutambua mambo yalivyo. Kapteni alikuwa na mvi katika ile kanda ya kifo, na hakuwa na mvi katika hizi zilizofuata. Kifo kilikuwa mwisho wake Teska, nasi tulikuwa tumeanza na mwisho. Nilimwambia Vestine tukiwa tunaosha beseni. Akaniambia niwaache watu na furaha yao, kule walikoandika hadithi Teska aliishi ndipo akafa, hapa kwetu amekufa ndipo akaishi, na yeye anaona hapa wamepanga vizuri zaidi.

Kwao Vestine kulikuwa karibu na Petite Barrière, kile kizuizi kidogo cha mpaka, chumba kimoja cha kupanga kilichogawanywa kwa mbao nyembamba za triplex, huku kitanda cha mama yake, huku godoro lake na la wadogo zake. Kila Jumapili nilikula huko. Tulikaa kwenye godoro na imbabura, jiko la mkaa, katikati yetu, tukala ugali wa muhogo na sombe ya majani ya muhogo, na sambaza waliobaki. Mama yake alikuwa mjane mwenye miguu iliyovimba, na mara kwa mara alipita kaka yake Vestine mkubwa, dereva, mtu mwenye haraka ambaye hakuwahi kuvua koti. Jumapili moja mvua ilikuwa inapiga bati, na wale wawili upande wa pili wakadhani mvua inawafunika. Ilikuwa inawafunika nusu tu. Kaka alikuwa anasema juu ya mtu wa Goma, mfanyabiashara wa vipuri vya magari, mwenye nyumba ya mawe na vyumba vya kutosha mama na watoto. Ameshawatuma wazee wake. Iko tayari kila kitu. Kilichobaki ni kimoja: hataki mwanamke ambaye sauti yake inasikika barabarani. Mikrofoni iachwe. Mama akauliza kitu ambacho mvua ilikimeza, na kaka akajibu kwa sauti ya juu, kwa uchovu kuliko ukali: "Akikataa, mama, utalala wapi? Mwenye nyumba anataka nyumba yake."

Nilimtazama Vestine. Alikuwa anakula sambaza mmojammoja, anaanzia kichwa. Hakuacha kutafuna. Alisukuma sahani upande wangu akaniambia nile, itapoa. Nilikuwa na umri wa kuamini kwamba mtu mwenye kipaji cha namna ile hawezi kuombwa akiache, kama vile huwezi kumwomba mtu aache mguu wake. Kumbe huombwa kila siku, tena kwa adabu, tena na watu wanaompenda.

Wiki ile yote nilikuwa namvizia nimuulize. Nilimpata kabla ya onyesho, amekaa kwenye kizingiti anafunga kitambaa kichwani. Nilimwambia nimesikia. Nilimwambia kwamba nyumba nyingine zinaweza kutafutwa, kwamba Mzee Haruna anaweza kusaidia, kwamba kule Kigali wanaanza redio na wanatafuta sauti, nikasema mengi ambayo sikuwa na uhakika nayo hata moja. Nikamwuliza kama wanamlazimisha. Alimaliza kufunga kitambaa. Akanitazama, akatabasamu kidogo, na akasema kwa sauti yake ya mikrofoni, ile ya Teska: "Hii mulango, mi ndo naifunga, mudogo."

Sikujua kama ananitania au ananijibu. Hata leo sijui, na ndilo swali nililotaka kumuuliza kwa miaka yote hii. Nikiwa na moyo mwepesi naamini kwamba alichagua, alipima miguu ya mama yake na mikrofoni ya Mzee Haruna akaona ipi nzito. Nikiwa na moyo mzito nakumbuka kwamba hata Teska alichagua, na kwamba kuna mtu mahali fulani, mezani kwake, aliyeandika hadithi kwa namna ambayo lazima abaki mtu mmoja nyuma ya mlango, na mtu huyo awe yeye. Uchaguzi gani huo? Ukipewa mlango mmoja tu, kuufunga mwenyewe ni heshima, ndiyo, lakini heshima hiyo haikufungulii wa pili.

Siku yake ya mwisho sinema ilijaa mpaka watu wakasimama nje chini ya spika. Alisema nini? Hapa ndipo moyo unaponiuma zaidi kuliko penginepo. Sikumbuki. Maneno ya waandishi, yale duni niliyokuwa namnong'oneza, ninayo karibu yote, naweza kukariri sasa hivi. Ya Vestine yamepotea, isipokuwa haya machache niliyoyaandika hapa. Na sababu yake ni nyepesi: yeye aliposema jibu la kwanza, mimi nilikuwa nimeshatega sikio kwenye televisheni nikilidaka la pili. Ukumbi mzima ulimsikia. Aliyekuwa karibu naye kuliko wote, ambaye bega lake liligusa goti la Vestine, hakupata nafasi ya kumsikia.

Alivuka siku ya Jumamosi, kwa miguu, na ukoo wake, sanduku na magodoro yake yakisukumwa mbele kwenye chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili. Wauza nyanya walimsindikiza mpaka kwenye kizuizi, na yeye akawasalimia mmojammoja, salamu ndefu, akiwauliza migongo ya mama zao, mpaka kaka yake akaangalia saa. Haukupita muda vita vikaanza upande ule. Kuvuka kukawa kwa shida, kisha kukawa kwa mazoea tena, lakini sisi tulikuwa tumeshapoteana. Bosco alijaribu kurudisha sauti ya puani. Wanawake wa sokoni wakaacha kuja, na kabla ya mwaka mpya Mzee Haruna aliuza televisheni. Nilimwona Vestine tena kwenye maziko ya mama yake. Alikuwa amenenepa, amependeza, ana mtoto mgongoni. Alinishika mikono yote miwili akaniuliza habari za nyumbani kwangu, moja baada ya nyingine, kwa sauti ya chini sana, na kila baada ya maneno mawili alitazama walikokaa wanaume. Nilikuwa namwinamia ili nisikie.

Miaka michache iliyopita mwanangu alinitafutia Chombo, yote, kwa mpangilio wake, kwenye kompyuta. Niliitazama peke yangu mchana. Wanawake wanapishana ujiani na hawasalimiani. Teska anafika kwenye mlango wake wa chuma akiwa ameshawapitisha watu kwenye nyota zote zile, anasema hakujuta kumfuata Kapteni, anakufa, Kapteni analia. Katika sehemu inayofuata kuna rubani mwingine, msichana mdogo, ameketi kwenye kiti kilekile, na mpaka mwisho wa hadithi jina la Teska halitajwi. Nilizima. Nilijiambia kwamba siku nikivuka nitamweleza Vestine, tutacheka. Sikuvuka mpaka nilipopigiwa simu ya msiba.

Hotuba ilipokwisha niliokota glasi yangu nikaenda jikoni. Binti yake, Neema, alikuwa anapanga vikombe kwenye sinia, macho yamevimba. Ana shingo ya mama yake. Nilimwambia mimi ni Agnès, wa Gisenyi, rafiki wa mama yake kabla hajaolewa. Akanipigia goti kidogo, akanivutia kiti. Basi nikamweleza. Nilimweleza beseni la sambaza, na Bosco, na spika ya nje, na wauza nyanya walioacha nyanya zao. Nilimweleza jinsi mama yake alivyowafanya wanawake wa angani wasalimiane. Nilimweleza mlango wa chuma, nikamwambia maneno yenyewe, kama yalivyosemwa, na nikajaribu hata kuyasema kwa sauti ile, taratibu, nzito kidogo.

Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Hakunikatiza. Alinifuta chozi mimi, yeye mfiwa, kwa ncha ya kitambaa chake. Kisha akaniambia kwa upole, kama mtu anavyomrekebisha mgeni aliyekosea nyumba: "Tantine, labda ni Vestine mwingine. Majina inafananaka. Maman yetu hakukuwa vile."

Kwa Mzee Haruna, Bosco aliposema huyu ni mwingine, mwenyewe alikuwepo, akampokonya mikrofoni. Safari hii mwenyewe alikuwa amelala kule kaburini, chini ya mawe meusi, na mimi kazi yangu tangu zamani ilikuwa kunong'ona.